Paka wa Kabasa: Tuwajengee Nyumba au Tuwafuate Walipo?

Hoja iliyo mezani ni hii: vijana wa Kabasa, pale Bunda, waanzishe kikundi cha kujitolea cha kuokoa paka na kuwatafutia watu wa kuwalea, au nguvu hizo wazipeleke kwingine? Vikundi vya namna hiyo si vigeni Afrika Mashariki. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kulinda wanyama ambacho mizizi yake inarudi hadi 1910. Zanzibar kuna ZAASO, inayotibu punda, mbwa na paka. Arusha kuna Mbwa wa Africa. Kwetu Mara, watu wanapoitwa kumleta paka mahali fulani kwa faida ya paka mwenyewe, mara nyingi ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na jambo hilo lina uzito katika mjadala huu kuliko linavyoonekana.

Wasemaji nimewaita kwa nafasi zao, si kwa majina, kwa kuwa kila mmoja amebeba maneno ya wengi, kuanzia Bunda mjini hadi Musoma na Butiama. Mimi mwandishi nina upande wangu na sitauficha: naamini kazi hii inastahili kufanywa Kabasa, lakini si kwa kujenga nyumba ya paka. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Nimeomba tukutane kwa sababu ya viroba. Jike akizaa watano, mwenye nyumba anabakiza mmoja, au hata huyo mmoja habakizi. Wengine wanaingia kwenye kiroba, kinafungwa kamba, kinaachwa jalalani au kando ya lami ya kwenda Mwanza. Anayefanya hivyo si mtu mbaya. Msibani anakuja, harusi anachangia, mtoto wa jirani akiugua usiku anaamka. Anafanya hivyo kwa kuwa hajaonyeshwa njia nyingine. Nilipokuwa nasoma Arusha nilijitolea kwenye kituo cha wanyama, nikaiona hiyo njia nyingine. Naomba tuilete hapa.

MAMA WA DAGAA: Marahaba mwanangu. Mimi naanika dagaa kule Guta, ziwani. Unajua kazi yenyewe ilivyo: mtumbwi unarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa juu ya chanja, unawatandaza kwa mkono, unawageuza, na jua likikubali jioni unafunga gunia. Hapo katikati mimi na paka hatuna urafiki. Shume mmoja akipanda kwenye chanja, anachokula ni kidogo, anachoharibu ni kingi. Akikojoa pale, mnunuzi akanusa, bei ya gunia zima inaporomoka. Sasa wewe unataka uwakusanye, uwalishe, wazidi kuzaana?

KIJANA: Nataka wasizaane, mama.

MAMA WA DAGAA: Basi ungeanza na hilo. Umeanza na viroba, nikajua umekuja kunililia.

MWANDISHI: Hapa nasimama na mama. Wengi wakisikia habari ya kuokoa paka, akilini wanamwona mtu ameshika sahani na paka wamemzunguka. Kulisha peke yake kunaongeza tatizo. Jike huanza kutaka dume akiwa na miezi mitano au sita. Mimba yake ni siku 63 hadi 67. Huzaa watatu, wanne, pengine zaidi, na anaweza kushika mimba nyingine huku akiwa bado ananyonyesha. Nyumba iliyoanza mwaka na jike mmoja inaweza kuumaliza ikiwa na kundi, halafu kiroba kinatafutwa. Mwenye kutaka kukiondoa kiroba aanze na kizazi, maana huruma ya sahani haifiki huko.

MZEE: Nami niseme langu kabla hamjapatana. Mimi nimejitolea tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, tulisomba mawe na mchanga kwa vichwa, tukasimamisha madarasa na zahanati. Kujitolea kulikuwa kwa ajili ya watu. Butiama alikozaliwa Mwalimu ni hapo tu, si mbali na hapa tulipokaa. Kijana aliyesomeshwa na wazazi wake kwa shida akiniambia anajitolea kwa paka, namuuliza: madarasa yameisha? Wajawazito wote wana vitanda?

KIJANA: Hayajaisha, babu. Lakini siombi fedha za madarasa. Naomba Jumamosi zangu mwenyewe.

MZEE: Jumamosi zako ni mali ya nyumba yenu. Nani atapalilia mihogo?

KIJANA: Asubuhi napalilia. Mchana vijana wenzangu wako wapi? Wako kijiweni, na hakuna anayewaambia wanamwibia taifa. Mtu akikaa bure hatuulizi kitu, akishika paka tunamuuliza habari za zahanati.

BWANA MIFUGO: Mzee wangu, niruhusu. Unasema kujitolea kwa wanyama si kujitolea kwa watu. Kwenye ukanda wetu huu, mambo hayo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege na kuyumbayumba. Karibu theluthi ya simba wa hifadhi ile walikwisha. Wataalamu walipopima wakakuta virusi vya ugonjwa wa mbwa, na hatua zilizofuata zikaelekezwa kwa mbwa wa vijijini, hawa wetu wanaolinda boma na kulala jikoni. Ndipo kampeni za chanjo zikakua, na tangu 2003 vijiji vinavyopakana na hifadhi, vikiwemo vya Bunda, vikawa vinafikiwa kwa mpango mpana zaidi. Mbwa wanachanjwa dhidi ya ugonjwa ule na dhidi ya kichaa. Paka nao wakiletwa, wanachanjwa kichaa. Chanjo ile inamlinda mtoto wako kuliko inavyomlinda simba. Duniani kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi.

MZEE: Hao wanaumwa na mbwa.

BWANA MIFUGO: Karibu wote, ndiyo. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa naye anaugua, na paka mgonjwa haogopi mtu. Anaingia ndani, anapanda kitandani. Na jeraha la paka watu wanalidharau. Mtoto amekwaruzwa, anapakwa mafuta ya taa, anarudi kucheza. Jeraha la kuumwa au kukwaruzwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha mtoto anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna.

MWANDISHI: Siku ya chanjo kijijini ni kitu cha kuonwa. Mbwa wanakuja kwa kamba za katani na minyororo, wanavutwa na wavulana. Paka wanakuja kwa kila namna: ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa sahani, ndani ya sweta la shule lililofungwa mikono, ndani ya kiroba kilichotobolewa tundu ili kichwa kitoke. Ni kiroba kilekile alichokitaja Kijana, safari hii kimembeba paka kwenda kwenye sindano. Anayembeba mara nyingi ni mtoto wa darasa la tatu au la nne, amemkumbatia kifuani na ana mikwaruzo mikononi, na hatoki kwenye foleni. Mchanjaji anavuta ngozi ya shingo, anachoma, anaandika kadi. Mtoto anaulizwa paka anaitwa nani, na jina analo tayari. Kwa hiyo anayesema watu wetu hawajali paka angetafuta nafasi kwenye foleni ile asimame nusu saa. Kujali kupo, tena kunatembea kwa miguu. Kinachokosekana ni mtu wa kukipokea siku zisizo za kampeni.

MWALIMU WA BAIOLOJIA: Mimi naunga mkono kikundi ila naogopa kituo. Tuseme mfadhili anapatikana, tunajenga banda zuri, tunaweka bango. Mwezi wa kwanza tuna paka kumi. Habari zinaenea kwamba kuna mahali paka wanapokelewa. Kuanzia hapo kila kiroba cha Bunda kinaishia mlangoni petu. Mwezi wa sita tuna mafua ya paka, wanapiga chafya na macho yanatoa usaha, vitoto vinakufa, na vijana wamechoka. Siku mfadhili akiondoka, mnabaki na banda lililojaa na hakuna hata fedha ya dagaa.

KIJANA: Mwalimu, hilo nimeliona kwa macho. Kazi yenyewe kule ilikuwa kufagia, kufua taulo, kuosha visahani, kubadilisha mchanga. Wageni wanadhani ni kupakata. Vilivyonichosha ni vile vichanga visivyo na mama. Kitoto cha paka kinazaliwa na gramu 100 hivi, macho yamefumba hadi wiki ya pili. Hakiwezi kujitia joto. Unajaza chupa maji ya moto, unaizungushia kitambaa, unakilaza pembeni yake, na kabla hakijapata joto hukilishi, maana tumbo lililopoa halisagi chakula. Maziwa ya ng'ombe yanakiharisha. Unakilisha kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kikiwa kimelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu, kisije kikapaliwa. Baada ya hapo unachukua pamba yenye maji ya vuguvugu, unakisugua taratibu chini ya mkia, kwa sababu bila kulambwa na mama hakiwezi hata kukojoa. Ukimaliza cha mwisho, cha kwanza kinalia tena. Na bado vingine vinakufa mkononi mwako alfajiri.

MZEE: Na hilo ndilo unataka kutuletea?

KIJANA: Nataka lisitokee, babu. Jike mmoja akifungwa kizazi, usiku kama ule haupo.

MAMA WA DAGAA: Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha? Mimi siku zote nilijua paka na maziwa ni ndugu.

KIJANA: Mkubwa anaweza kuonja akanyamaza. Kichanga kinaishiwa maji mwilini. Na Panadol, mama, tafadhali, msimpe paka hata robo ya kidonge. Inamuua.

MWALIMU WA BAIOLOJIA: Turudi kwenye hoja. Maneno ya Mzee yanaleta swali: paka ana kazi gani kwa mtu? Wataalamu wamefukua kaburi kisiwani Kupro, la miaka kama 9,500 iliyopita, wakakuta mtu amezikwa na paka kando yake. Na vipimo vya vinasaba vilivyotolewa 2007 vilionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, ndugu wa karibu kabisa wa huyu kimburu anayetembea usiku hapo Serengeti. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alimfuata panya, na panya alifuata nafaka ghalani. Hesabu ya nafaka bado ipo. Watafiti wetu wa panya, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamekadiria kwamba panya hula asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya nchi kwa mwaka wa kawaida, na mwaka wa mlipuko hali huwa mbaya zaidi. Panya shamba mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Tena si chakula tu. Mwaka 2022 kule Lindi homa ya mgunda iliua watu, na vijidudu vyake husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

MZEE: Huyo paka wa ghalani simkatai. Mimi mwenyewe ninaye. Lakini sijawahi kumpeleka kwa daktari, na halishwi, awinde. Ukimshibisha hagusi panya.

BWANA MIFUGO: Hapo, mzee, watu wengi wanakosea. Paka anawinda kwa kusukumwa na mwendo wa panya, si kwa njaa peke yake. Paka mwenye afya aliyepata chakula kidogo jioni anakaa karibu na nyumba na anawinda vizuri. Mwenye njaa kali anahama, au anakwenda kwenye chanja la mama huyu.

MAMA WA DAGAA: Kumbe wa kwangu wanatoka kwa mzee!

BWANA MIFUGO: Na wengine wanakufa bila mtu kujua. Watu wananunua sumu ya panya, ile inayozuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo, anazubaa siku kadhaa. Paka anamkuta mnyonge, anamla. Baada ya muda paka naye anavuja damu ndani kwa ndani. Mwenye nyumba anabaki na panya waliosalia, na mwindaji hana.

MWALIMU WA BAIOLOJIA: Ila tusimfanye paka kuwa malaika. Afrika Kusini wana kisiwa kinaitwa Marion, mbali baharini. Mwaka 1949 waliletwa paka watano kudhibiti panya wa kituo cha hali ya hewa. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa maelfu, na walikadiriwa kuua ndege wa baharini kama 450,000 kwa mwaka. Ilichukua hadi 1991 kumwondoa wa mwisho. Halafu panya wakabaki na kisiwa, sasa wanawatafuna albatrosi wakiwa hai kwenye viota. Sisi tunakaa mlangoni mwa hifadhi. Paka wetu asiyefungwa kizazi akiingia porini anazaa na kimburu, na damu ya kimburu inapotea kidogo kidogo bila bunduki kulia. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhasi, na wahifadhi wangeielewa haraka.

MWANDISHI: Katika mazungumzo kama haya sauti za wataalamu huwa na tabia ya kujaza chumba. Kuna mtu alikaa kimya muda wote, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

BIBI: Nimewasikia wote. Mimi ni mjane. Nimepikia kuni maisha yangu yote, macho yangu mnayaona yalivyo mekundu. Nina paka mmoja, mweusi, ananitosha. Sasa mkianzisha kikundi chenu mtapita nyumba kwa nyumba mkitafuta wa kuwapa vitoto, na najua mtakachoambiwa: mpelekeeni bibi, yuko peke yake, ana nafasi, atapata wa kuongea naye. Mtaniletea wawili, watatu. Na mimi nitapokea, kwa sababu sijui kumfukuza aliyeletwa mlangoni. Halafu mtoto wa jirani atapata homa usiku, Mungu apishe mbali, afariki. Mnajua kitakachosemwa kabla ya kaburi kuchimbwa?

KIJANA: Bibi, sisi hatungekuwa...

BIBI: Nyinyi hamngekuwa na lolote. Mngekuwa mmelala kwenu.

MWANDISHI: Hakuna aliyejibu upesi. Kanda ya Ziwa yote inajua anachokisema. Kwa miongo kadhaa, taarifa za haki za binadamu nchini, zikiwemo za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zimeandika habari za vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, yanayotokana na moshi wa kuni, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Paka mweusi nyumbani kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake si jambo dogo katika mazingira hayo. Vitabu vya ugenini vinavyofundisha namna ya kumtafutia paka makazi humtaja mzee mpweke kama mpokeaji bora kuliko wote: ana muda, ana utulivu, anahitaji mwenzi. Huko kwao ni kweli. Hapa, ushauri huohuo ukichukuliwa ulivyo unaweza kumgharimu mtu maisha. Kikundi kitakachoanza Kabasa bila kulifikiria jambo hili kisianze kabisa.

MZEE: Bibi amesema kweli. Na si uzushi wa zamani, ni wa juzi.

KIJANA: Bibi, basi tufanyeje? Tukuache bila paka?

BIBI: Paka ninaye, nimekwambia. Nyinyi anzeni na wengine. Mpeni mwenyekiti wa mtaa paka mweusi, mbele ya mkutano, watu wakiona. Mpeni mchungaji. Mpeni shehe, wao wenyewe wanafundishwa kwamba paka si najisi. Mpeni mwalimu mkuu amweke kwenye stoo ya chakula cha shule. Paka mweusi akishakaa kwa wakubwa, wa kwangu atakuwa paka tu. Na mkinichukulia wangu kwenda kumfunga kizazi, njooni mchana, na mje na mtu wa serikali ya mtaa.

MWALIMU WA BAIOLOJIA: Kwa hiyo kupokea paka kuwe kwa hadhara.

BIBI: Kwa mama yangu aliyetaka kitoto cha paka alikuja mchana kweupe na mtama kwenye kisonzo. Hakuna aliyepewa bure, wala hakuna aliyepewa gizani. Mtu akitoa kitu, anatunza alichopewa. Na majirani walijua paka wa nani kaenda kwa nani.

MWANDISHI: Kisonzo kile cha mtama kinatimiza kazi ambayo vituo vikubwa vinaifanya kwa fomu za kurasa nne: kinapima nia ya mpokeaji na kinaweka mashahidi. Sioni kwa nini kikundi cha Kabasa kisianzie hapo. Mpokeaji atoe kitu, chochote kilicho ndani ya uwezo wake, kiingie kwenye mfuko wa chanjo. Kitoto kisitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Nyumba inayomwaga sumu ya panya isipewe. Na ahadi moja isemwe mbele ya watu: ukishindwa kumlea, mrudishe kwa aliyekupa, usitafute kiroba. Uingereza wana chama kiitwacho Cats Protection, cha tangu 1927, na pamoja na vituo vyote walivyonavyo, bado paka wao wengi hulelewa majumbani kwa watu wa kujitolea hadi wapate wenyewe. Tajiri naye anatumia nyumba za watu. Sisi nyumba tunazo.

MZEE: Mnaniacha na swali moja. Huyo wa kufunga kizazi ni nani? Kijana na wembe?

BWANA MIFUGO: Hapana, na hapo naomba tusikilizane vizuri. Mimi bwana mifugo nachanja, natoa dawa za minyoo, nasafisha kidonda. Upasuaji wa kutoa kizazi cha jike ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003. Dawa ya usingizi haiuzwi dukani kiholela. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili, kwa hiyo kumhasi paka akiwa macho, kama tunavyoona watu wakifanya kwa wanyama wengine, hakukubaliki. Kinachowezekana ni kumwita daktari kwa siku moja au mbili, tukiwa tumeshakusanya paka wa kutosha ili safari yake iwe na maana. Kikundi kinaandikisha, kinabeba, kinalinda paka waliolala usingizi wasipate baridi, kinawarudisha kesho yake, kinapita kuangalia kidonda kwa wiki mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kujitolea. Daktari ni mmoja, mikono inayohitajika ni kumi.

KIJANA: Na mnaweza kunipa hiyo mikono kutoka chuo cha Butiama? Pale Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere huenda wako vijana wanaotaka kujifunza.

BWANA MIFUGO: Barua iandikwe. Mimi nitaipeleka.

MZEE: Mimi bado siafiki. Natamani nguvu hii yote ingekwenda kwenye vyoo vya shule. Lakini siwezi kusema hamna akili. Hilo la chanjo nalikubali, na hilo la bibi nitalisimamia mwenyewe. Mkitaka mtu wa kusimama naye mkutanoni, niiteni. Kwa paka sitajitolea. Kwa bibi huyu nitajitolea.

MWANDISHI: Sikutarajia zaidi ya hapo kutoka kwake, na sidhani kikundi kinahitaji zaidi. Mzee hajageuka kuwa mpenda paka, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Amepata mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Kazi yoyote ya kujitolea inayodumu vijijini kwetu hujengwa na watu wenye sababu tofauti: mmoja anachukia panya, mwingine anaogopa kichaa, mwingine ana mtoto aliyelia kwa ajili ya kiroba. Ndiyo maana nyumba ya paka naipinga. Ingewakusanya wapenda paka peke yao na kuwaacha hawa wengine nje.

MAMA WA DAGAA: Mimi nina swali la mama mjamzito. Binti yangu ana mimba ya kwanza, na zahanati walimwambia akae mbali na paka. Sasa nimfukuze wa nyumbani?

BWANA MIFUGO: Asimfukuze. Kuna kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, hasa paka mchanga anayekula panya na nyama mbichi kwa mara ya kwanza. Paka hukitoa kwa wiki chache tu, na kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi kabla hakijawa cha kuambukiza. Binti asizoe kinyesi cha paka, wengine wakizoe kila siku. Anawe mikono akitoka bustanini, aoshe mboga, asile nyama isiyoiva. Nyama isiyoiva inawaambukiza watu wengi bila paka kuhusika.

MAMA WA DAGAA: Haya. Basi kijana, daftari lako unalo? Andika. Kwangu Guta wako majike wawili na shume mmoja mwekundu, sikio limechanika. Wote watatu.

KIJANA: Nawaandika. Shume tukimhasi tunaweza kumtafutia mtu huku juu Kabasa, mwenye ghala, asikusumbue tena kwenye chanja.

MAMA WA DAGAA: Hapana. Mumrudishe palepale. Huyo namjua, najua anapita saa ngapi na anapita wapi, nikipiga makofi anakimbia. Mkimhamisha, harufu ya dagaa itaniletea mwingine, mgeni, asiyehasiwa, nianze naye upya. Mnirudishie wangu akiwa ametulia, haendi kupigana usiku wala kukojolea kila kitu.

BWANA MIFUGO: Kukojolea kutapungua sana, ingawa sikuahidi kutaisha. Kuanzia jioni ya siku ya kuamkia upasuaji asipewe chakula.

MAMA WA DAGAA: Paka anayelala kwenye dagaa, nitamzuiaje asile?

BWANA MIFUGO: Mkamate jioni, mama, kabla hamjamwaga dagaa wa alfajiri. Kapu liwe na mfuniko, ufungwe kwa kamba, na usitumie kiroba.